Redio ya satelaiti kwenye gari la biashara: hesabu barabara yako kwanza



Wiki iliyopita kijana mmoja anayesambaza bidhaa za Kiafrika kama mimi, hapa Texas, alinipigia simu. "Kaka, nimekuta redio ya satelaiti ya gari iko kwenye ofa. Hata kufunga wanafunga wao. Nichukue?"

Nikamuuliza swali moja tu: "Gari lako linaamkia wapi na linalala wapi?"

Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Hilo ndilo swali la kwanza, na leo nataka nieleze kwa nini. Maoni yangu nayasema mapema kabisa ili usisome mpaka chini ukitafuta: wengi wetu hatuihitaji redio hii. Wachache wanaihitaji kweli, na hao wachache wengi wanaifunga vibaya, halafu wanailipia vibaya. Mimi nimefanya makosa yote mawili, kwa hela yangu mwenyewe.

Kwanza ujue mimi ni nani

Nina vani moja ya mizigo. Napakia Dallas: unga wa muhogo, dagaa, makayabo, mafuta ya mawese, vitenge kidogo. Naelekea Abilene, natoka hapo naenda Lubbock, napanda mpaka Amarillo, nalala. Kesho yake narudi Dallas kwa barabara ya 287. Abilene na Amarillo kuna ndugu zetu wengi kutoka Kongo waliokuja kama wakimbizi, na ukiingia duka lao Kiswahili kinakupokea mlangoni. Hao ndio wateja wangu.

Mzunguko huo ni zaidi ya maili 800, yaani kama kilomita 1,300. Ni zaidi ya Dar mpaka Mwanza. Naufanya mara mbili kwa mwezi, peke yangu ndani ya gari, saa 13 au 14 za usukani kwa kila mzunguko.

Sasa barabara hizo si za mjini. Ukitoka Abilene kwenda Lubbock unapita mashamba ya pamba na milingoti ya umeme wa upepo. Mji mmoja mdogo, halafu hakuna kitu. Redio ya FM unaipata vizuri kwa muda, inaanza kukwaruza, inapotea, unatafuta nyingine. Simu nayo kuna vipande haishiki vizuri; podikasti uliyokuwa unasikiliza inasimama katikati ya sentensi. Ndipo unajikuta unashika simu kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono mwingine ukitafuta cha kusikiliza. Hapo ndipo niliposema basi, ngoja ninunue hii redio.

Redio ya satelaiti ni nini hasa

Kwa kifupi: sauti inapandishwa kutoka studio kwenda kwenye satelaiti, inashuka moja kwa moja mpaka kwenye antena ndogo juu ya gari lako. Haitumii bando la simu. Chaneli uliyoianza Dallas utakuwa nayo Amarillo bila kugusa kitufe.

Marekani zilikuwa kampuni mbili. XM ilianza kutoa huduma mwaka 2001, Sirius ikafuata mwaka 2002, na mwaka 2008 zikaungana kuwa SiriusXM. Kwa hiyo leo huchagui kampuni. Unachagua kifaa, na unachagua kifurushi. Hela inapotea kwenye hivyo viwili.

Na nikuambie mapema usije ukanilaumu: mimi sijakuta humo chaneli ya Kiswahili. Kuna muziki wa kila aina, mpira, habari, BBC World Service ya Kiingereza, hata chaneli ya madereva wa malori inayoitwa Road Dog Trucking. Bongo fleva na rhumba utaendelea kuweka kwenye simu yako.

Hesabu kabla ya kununua

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo tunapokosea. Tunaangalia bei ya kifaa. Kifaa ni hela unayoitoa mara moja, lakini ada inakuja kila mwezi, iwe umeuza au hujauza.

Tuchukue mfano. Tuseme ada pamoja na makato yake yote inafika dola 20 kwa mwezi. Mimi nikiwa barabarani saa 27 kwa mwezi, kila saa inanigharimu kama senti 74. Kwa mtu anayeendesha peke yake kwenye barabara tupu, naona ni sawa.

Sasa mchukue yule kijana aliyenipigia. Yeye anazunguka ndani ya Dallas tu. Safari zake ni dakika 15, dakika 20, anashusha, anaondoka. FM anazo tele, simu inashika kila kona. Akilipa dola 20 hizo hizo atakuwa analipia kitu ambacho tayari anacho bure.

Njia nyingine ya kuhesabu ni kwa bidhaa zako. Mimi kwenye mfuko mmoja wa unga nabaki na faida kama dola 4. Kwa hiyo ada ya dola 20 ni mifuko mitano ya unga kila mwezi. Kwa mwaka ni mifuko 60. Jiulize: niko tayari kubeba mifuko 60 ya unga kwenye mgongo huu kwa ajili ya redio? Mimi nilijibu ndiyo. Yule kijana baada ya hesabu alijibu hapana, na nadhani alijibu vizuri.

Kabla hujatoa hela, angalia gari lako

Usicheke, limetokea. Mama mmoja mwenye duka Abilene alitaka nimsaidie kununua redio kama yangu. Nikaingia kwenye gari lake, nikakuta kitufe kimeandikwa SXM kwenye redio ya gari, na antena fupi kama pezi la samaki iko kwenye paa. Alikuwa nayo miaka miwili! Magari mengi yanayouzwa hapa yana risiva ndani tayari. Tafuta maandishi SXM, XM au SAT kwenye redio yako. Na ukinunua gari kwa muuzaji, uliza kama linakuja na miezi michache ya majaribio. Mara nyingi lipo hilo.

Kama gari halina, una njia tatu.

Ya kwanza ni risiva ndogo ya kubandika kwenye dashibodi, zile za aina ya Onyx. Inakuja na kitako chake, antena ya sumaku na waya wa umeme wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Unaweza kuifunga mwenyewe, na ukiuza gari unaondoka nayo. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye gari la kazi, mimi napendekeza hii.

Ya pili ni kubadilisha redio nzima ya gari, uweke ya Pioneer, Kenwood au Alpine iliyo tayari kwa satelaiti, halafu unaongeza kiboksi kinachofichwa nyuma ya dashibodi. Inapendeza na sauti ni safi. Lakini unanunua redio, unanunua kiboksi, unalipa fundi, na vyote vinabaki kwenye gari. Kama gari lako limeshatembea maili 200,000, fikiria mara mbili.

Ya tatu ni kusikiliza kupitia programu ya simu bila kifaa chochote. Inafaa mjini. Ila hiyo inakula mtandao wa simu, na ukifika kwenye kile kipande cha barabara ambacho simu haishiki, umerudi ulikotoka. Kama shida yako ni barabara tupu, programu haitibu shida yako.

Ya mtumba je? Inawezekana, ila iwashe mbele ya muuzaji, mahali pa wazi, uone inakamata mawimbi, na uhakikishe na kampuni kwamba namba yake inakubali kusajiliwa kwa jina lako. Usinunue iliyo ndani ya boksi kwa maneno matupu.

Kufunga: kosa langu la antena

Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo watu wanaposema "kifaa kibovu" kumbe kifaa ni kizima.

Nilipopata yangu sikutaka waya uning'inie nje ya gari. Nikaiweka antena juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, nikaona nimemaliza kazi. Dallas inaimba. Mpaka Abilene inaimba, inakatika kidogo tu. Nilipotoka Lubbock kuelekea Amarillo ikaanza mambo: inaongea maneno mawili, kimya, neno moja, kimya. Safari iliyofuata nilipita njia hiyo kinyume, kutoka Amarillo kushuka Lubbock. Inaimba kama kinanda.

Nikakasirika. Nikarudi kwenye duka moja la vifaa vya magari, jamaa akaniambia kifaa hiki ni kidogo, nunua kikubwa, na kufunga ni gharama nyingine. Nilikaribia kutoa kadi.

Bahati nzuri nililala nalo kwanza. Satelaiti hizi zinakaa juu ya ikweta, mbali sana, kama kilomita 36,000. Sisi tuko Texas, kaskazini ya ikweta. Kwa hiyo ukizitafuta kutoka hapa ziko upande wa kusini wa anga. Na barabara ya Lubbock kwenda Amarillo inanyooka kaskazini. Ukielekea kaskazini, kioo chako cha mbele kinatazama kaskazini na satelaiti ziko nyuma yako. Antena iliyo chini ya kioo inazibwa na paa la gari lenyewe! Nikigeuka kusini, kioo kinazitazama, redio inaimba. Haikuwa ubovu wala uchawi.

Nikaitoa antena, nikaibandika juu ya paa. Haikunigharimu hata senti. Tangu siku hiyo inakatika chini ya daraja, ndani ya gereji na wakati mwingine nikisimama nyuma ya jengo refu. Basi.

Kwa hiyo ukifunga mwenyewe, fuata hivi:

1. Antena iende juu ya paa, kwenye chuma, mahali panapoona anga pande zote. Usiiweke ukingoni kabisa, ipishe angalau upana wa kiganja. Kama una kichanja cha mizigo juu, hakikisha mzigo hauifuniki. Kama bodi ya gari lako ni ya faiba, sumaku haitashika. Tafuta kipande cha kichwa cha gari chenye chuma, au uliza fundi akuwekee bamba.

2. Futa paa kwanza. Mchanga chini ya sumaku unakwaruza rangi, na siku unauza gari mnunuzi atauona.

3. Waya upite kwenye raba ya mlango au ya kioo, usibanwe na chuma cha mlango. Fungua na ufunge mlango mara tano uone unabanwa wapi. Ukishuka ndani, upite pembeni, mbali kabisa na breki na mafuta. Uliobaki ukunje, ufunge na kamba, ufiche.

4. Risiva ikae mahali ambapo mkono unafika bila kuinama, isizibe macho yako, na isiwe juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Kitu kilichobandikwa hapo siku ya ajali kinageuka jiwe.

5. Sauti: kama redio yako ina tundu la AUX, tumia waya wa AUX. Ni njia rahisi na safi. Kama haina, risiva inaweza kurusha sauti kwenye FM ya gari, lakini hapo unatafuta namba ya FM isiyo na kituo. Namba iliyo tupu Abilene unaweza kukuta ina mtu Lubbock, ikaanza vurugu. Chagua mbili tatu mapema uziandike. Usianze kuzitafuta ukiwa kwenye mwendo.

6. Angalia tundu la kuwashia sigara kama linazima gari likizimwa. Kwenye magari mengine haliزimi, na ukiacha risiva imewaka usiku kucha unaweza kuamka betri imelala.

7. Siku ya kusajili, paki mahali pa wazi, sio ndani ya gereji wala chini ya mti. Washa, nenda chaneli 0, itaonyesha namba ya redio yako. Iandike kwenye karatasi. Jihadhari: namba hiyo haitumii herufi I, O, S wala F. Ukiona kitu kama O, ni sifuri. Watu wanakosea hapo halafu wanasema usajili umekataa. Ukishasajili, acha redio iwake hapo hapo nje mpaka chaneli zifunguke. Usizime ukaondoka.

Kabla ya kutoboa au kubandika chochote moja kwa moja, weka vyote kwa muda, endesha wiki moja. Kisha ndiyo ufunge kabisa.

Ada: mahali nilipovuja

Mwaka mmoja giaboksi ya vani ilikufa. Miezi minne sikwenda Amarillo. Nilikuwa naazima gari la rafiki na kuuza hapa hapa Dallas. Redio iko kwenye vani, vani iko kwa fundi, na ada inaendelea kukatwa kwenye kadi. Tena katikati ya miezi hiyo bei ya ofa ikaisha, bei kamili ikaanza. Masharti nilikuwa nimetumiwa siku ya kwanza. Sikuyasoma. Niligundua mwezi wa Februari nikipanga risiti za kodi.

Kosa lilikuwa langu. Ila nilijifunza mambo matatu, na hayahusu redio peke yake. Yanahusu kila kitu unachokilipia kwa mwezi: programu ya mauzo, hifadhi ya picha, bima ya simu.

La kwanza, siku unayojiunga na ofa, weka alamu kwenye simu wiki mbili kabla ofa haijaisha. Siku hiyo unapiga simu kuuliza bei inayofuata, na kama kuna kifurushi kidogo zaidi. Mara nyingi hukihitaji kile kikubwa. Mimi nasikiliza chaneli tano tu.

La pili, uliza bei ya mwisho, pamoja na makato yote. Vifurushi vyenye muziki vina nyongeza ya ada ya haki za wasanii juu ya bei iliyotangazwa. Andika kwenye daftari ile namba itakayokatwa kwenye kadi. Namba ya kwenye tangazo haikusaidii.

La tatu, tumia kadi ya biashara, sio ya nyumbani, ili kila mwezi uione kwenye hesabu za biashara. Na gari likisimama, ada isimame siku hiyo hiyo. Kuhusu kodi, muulize mhasibu wako kama unaweza kuihesabu kama gharama ya kazi. Usichukue ushauri wa kodi kwangu.

Jambo kubwa kuliko yote

Nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Mwezi wa Mei, mwaka jana, narudi kutoka Amarillo. Nimeuza vizuri, gari jepesi, nasikiliza wachambuzi wa mpira wakibishana habari za Arsenal. Sauti safi kabisa, haikatiki. Mbele naona anga limekuwa na rangi kama ya kijani. Nikasema mvua tu. Karibu na Childress mvua ya mawe ikanikuta. Mawe makubwa kama limau. Kioo cha mbele kikapasuka, paa likabonyea, antena ikang'oka. Nikajibanza pembeni ya barabara nikiwa nimejifunika koti kichwani, nikimwita Mungu.

Baadaye kwenye kituo cha mafuta mzee mmoja aliniuliza, "Hukusikia? Redio ya hapa ilikuwa inatangaza zaidi ya nusu saa." Sikusikia. Nilikuwa naisikiliza London.

Bima haikuanza kulipa mpaka mimi nitoe sehemu yangu kwanza. Faida ya safari ile yote ilikwenda kwenye kioo.

Redio ya satelaiti inakufuata kila mahali, lakini haijui uko wapi. Wanaoongea humo hawalioni wingu lililo juu ya kichwa chako. Redio ya FM ya mji mdogo, ile unayoidharau kwa sababu inapiga kantri kutwa, ndiyo inayojua daraja lipi limejaa maji na kimbunga kinaelekea wapi. Sasa hivi nina utaratibu: kabla ya kuondoka nasoma hali ya hewa ya njia nzima, na nikiona anga imebadilika nazima satelaiti, naweka FM ya hapo. Pia nimenunua kile kiredio kidogo cha hali ya hewa cha NOAA, kinachokamata masafa kati ya 162.400 na 162.550 MHz. Redio ya kawaida ya gari haifiki huko. Hakina ada ya mwezi kabisa.

Na lingine: redio haiondoi usingizi. Niliwahi kudhani inaondoa. Inakuchangamsha kwa nusu saa halafu macho yanashuka tena, safari hii huku mtu anaongea. Ukisinzia, paki ulale. Mteja atasubiri unga wake, hatakupata wewe tena ukiondoka.

Kwa mlioko nyumbani

Najua wengine mnasoma hii mkiwa Bujumbura, Kigali, Bukavu au Lubumbashi, na mmeletewa gari kutoka Marekani lenye kitufe cha SAT. Fundi akikwambia anaweza kukifungua kwa ada kidogo, mwambie asante, uondoke. Mawimbi hayo yanamulika Amerika ya Kaskazini, hayafiki kwenu. Hakuna kitu cha kufungua.

Na wazee wetu wanakumbuka kwamba Afrika nayo iliwahi kuwa na redio yake ya satelaiti, tena ilitangulia. WorldSpace ilianzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, na satelaiti yake ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, kabla XM haijaanza kutangaza Marekani. Oktoba 2008 kampuni ikaomba kinga ya mufilisi. Huduma ilipokufa, waliokuwa na risiva zake walibaki na boksi la kukaa kabatini. Ndiyo maana nasema usifunge mtaji mkubwa kwenye kifaa ambacho bila huduma ya mtu mwingine hakifanyi kazi. Nunua kidogo, kile kinachokutosha.

Kwa hiyo nikamjibu yule kijana: ukizunguka mjini, acha. Ukianza kwenda mbali na peke yako, njoo nitakufungia mwenyewe, antena juu ya paa, chai juu yako.

Na wewe je? Kuna kitu gani unakilipia kila mwezi kwenye biashara yako ambacho hujakitumia tangu mwezi uliopita? Fungua taarifa ya kadi yako leo usiku, uangalie mstari kwa mstari. Ukikikuta, kifute kesho asubuhi kabla hujafungua duka.

Safari njema na mauzo mema.